Mbao za Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza leo katika kipindi cha hesabu, tena kwa kishindo, hata mwalimu akanyamaza katikati ya swali kwa kuwa hakuna aliyemsikia. Mwalimu wa Kiswahili ametuagiza tuandike shajara msimu huu wote. Amesema hataki kusoma kwamba tuliamka tukapiga mswaki. Tuandike tulichokiona ambacho wengine walikipita tu. Nitajaribu.

Naanza na nyumbani. Tunaishi watatu: mama, babu mzaa baba, na mimi. Ng'ambo ya ua ni karakana ya mjomba, kaka yake mama. Mjomba hutengeneza mapambo na zawadi kwa mbao za manowari iliyostaafishwa: visanduku, fremu za picha, nanga ndogo za kuweka juu ya meza ya ofisi. Manowari ilikuwa na jina refu la heshima, lakini mabaharia waliiita Mama Mkwe, kwa sababu ukiwa ndani yake hunyooshi miguu, huchagui chakula na hujibu neno. Ilipovunjwa, mjomba alinunua mbao zote za sitaha. Ni msaji, mti mgumu wenye mafuta. Zina matundu ya bolti za chuma, na kutu imepenya kuzunguka kila tundu ikaacha duara jeusi. Mjomba huliita tundu hilo "jicho". Kila kitu kinachotoka karakana lazima kiwe na jicho moja, na mteja huambiwa achungulie.

Fundi hukata na kuunga. Mama hupiga msasa na kupaka vanishi. Mimi nina mwandiko mzuri, kwa hiyo huandika kadi inayowekwa ndani ya kila kisanduku: "Mbao hii ilikuwa sitaha ya manowari. Ilikanyagwa na mabaharia waliotumikia nchi." Baba alikuwa mmoja wao. Alikufa katika moto wa chumba cha mitambo, nikiwa mdogo wa kubebwa, wakamzika huko huko baharini. Hatuna kaburi la kwenda kupalilia.

Hii meza ninayoandikia ilikuwa inacheza, maana sakafu imebonyea. Mama ameweka kabari chini ya mguu mmoja, kipande cha sitaha kilichopasuka siku ya kwanza kabisa, mjomba akakikataa. Sasa meza imetulia kama mtu aliyekatazwa kusema.

Jumatano, 6 Machi

Mvua. Sare haikukauka, nimekwenda shule na kola mbichi.

Jumamosi, 9 Machi

Leo Nahodha amekuja karakana. Ni nahodha mstaafu wa Mama Mkwe, mwenyekiti wa chama cha wanamaji wastaafu. Wale waliokufa katika ule moto walikuwa tisa. Chama kinataka visanduku tisa, kimoja kwa kila familia, vikabidhiwe mwanzoni mwa Mei. Mjomba alikubali haraka, kabla hata Nahodha hajamaliza kueleza. Niliona fundi amesimamisha randa na kumtazama mjomba. Mjomba hakumtazama.

Jioni tulimwambia babu. Babu alikuwa mshona nguo, na sasa macho yamemchoka, kila kitu anakijua kwa vidole. Aliuliza kama mtu anaweza kuchagua mbao ya sehemu ya mbele, kwa sababu baba aliwahi kumwandikia kwamba akitoka zamu alipenda kukaa mbele. Mama akasema ataulizia. Babu akaondoa redio kwenye rafu, akapangusa pale ilipokuwa, akaacha wazi.

Alhamisi, 14 Machi

Nimerudi shule nikamkuta mke wa meneja wa benki karakana, anagonga kisanduku mezani. Alikinunua mwezi uliopita. Kifuniko kimekataa kufunguka na hereni zake zimo ndani. Fundi alikiweka kwenye jiko la mkaa kwa mbali, akakigeuza kama anachoma kitu, mpaka kikaachia. Mjomba alimwambia mama yule kwamba mbao ya bahari ikisikia mvua inakumbuka kwao. Yule mama akacheka, akavaa hereni zake, akaondoka.

Mimi sikucheka. Kwenye rafu ya mlangoni kuna kisanduku cha kwanza kabisa, cha kuonyesha wageni. Nimekifungua na kukifunga. Kinateleza kama siku ya jua kali. Mvua ni hiyo hiyo.

Jumamosi, 16 Machi

Nimepanga vishikio vya kalamu kwenye maboksi. Nilipolishika jicho la kimoja, kidole kilipata weusi. Nikakisugua kwenye sketi. Sijawahi kuona kutu ya miaka mingi ikitoka kwa kidole chenye unyevu.

Babu ameuliza kisanduku kimefika wapi.

Jumanne, 19 Machi

Mlango wa choo umevimba, unafungwa kwa bega. Droo ya mama haivutiki. Meza yangu tu ndiyo haijui kwamba kuna mvua.

Ijumaa, 22 Machi

Nimemfuata fundi.

Sijivunii, lakini nieleze. Fundi wetu tunamwita Msasa, kwa sababu ya sauti yake na pia kwa sababu hasemi neno bila kukukwaruza. Kila jioni huondoka na mfuko wa turubai begani, na nimeona asubuhi huja ukiwa umekunjwa kwapani. Kwa hiyo kitu hutoka, hakiingii. Nikawaza: mbao halisi za sitaha anazibeba yeye, anauza kwingine, na anaunga visanduku vyetu kwa mbao zisizojulikana. Mjomba hana muda wa kuangalia, yeye ni wa maneno na wateja. Kila kitu kilikaa mahali pake kichwani mwangu, kama maungo ya droo.

Nilimfuata kwa mbali mpaka kwenye kona ya duka la baiskeli. Mfuko ulikuwa na pembe pembe, ulikuwa mzito. Hapo akasimama akafunga kamba ya kiatu kwa muda mrefu sana, nikaona aibu, nikarudi.

Nilimwambia mama. Alikuwa anapepeta mchele. Nilieleza yote, vifuniko, weusi wa kidole, mfuko. Hakuinua uso. Nilipomaliza alisema neno moja: "Huenda."

Nimelala na neno hilo. Mama huwa hasemi "huenda" kuhusu mtu. Hutetea hata anayemkanyaga sokoni.

Jumatatu, 25 Machi

Mjomba ameniletea kalamu mpya ya wino mweusi na kadi tisa za karatasi nzito. Anataka maandishi yale yale, ila niongeze "mbele ya manowari", kwa ajili ya babu. Nilimwuliza kama mbao za mbele zimo stoo. Akasema zimo. Nikauliza naweza kuziona. Akasema stoo inavuja, kuna kuteleza, na mimi ndiye bintiye pekee, nikivunjika mguu atamwambia nini dada yake.

Ana maneno matamu, mjomba. Hakuna mtu duniani anayenifurahisha kama yeye. Leo nilikuwa nahesabu ni mara ngapi amejibu nilichouliza.

Jumanne, 2 Aprili

Kadi bado nyeupe. Nimesema nina majaribio ya shule. Ni kweli ninayo, lakini si hiyo sababu.

Jumamosi, 6 Aprili

Mama amekwenda kununua msasa, nami nikatumwa kutafuta kitambaa safi chini ya meza yake ya kazi. Nyuma ya makopo ya vanishi kuna chupa ya jamu yenye maji meusi. Nilifungua kifuniko. Siki, kali ya kutoa machozi, na chini yake misumari yenye kutu imelala kama vidagaa. Pembeni kuna brashi nyembamba ya kuchorea, ncha yake nyeusi.

Nimerudisha kila kitu kilivyokuwa.

Wakati wa chakula nilimtazama mama vidole. Kidole gumba na cha shahada vina weusi kwenye mikunjo, ule usiotoka kwa sabuni. Nimekuwa nikiuona weusi huo tangu mwanzo wa mwaka, nikidhani ni dawa ya viatu.

Fundi hachori macho. Mama ndiye anayechora.

Jumatano, 10 Aprili

Babu ameuliza kisanduku kimefika wapi. Mama amejibu kwamba kiko njiani. Tangu lini karakana ya ng'ambo ya ua ikawa na njia ndefu hivyo.

Jumapili, 14 Aprili

Leo nitaandika mpaka mkono uchoke.

Mjomba na fundi hawakuwapo. Mama alikuwa ukumbini anashona kifungo cha shati la babu, na babu alikuwa amesinzia. Niliingia karakana. Visanduku tisa viko mezani, vimekwisha kuungwa, bado vanishi. Ni vizuri, siwezi kusema uongo. Ndani vimebandikwa mahameli ya bluu. Kimoja mahameli yake yameinuka pembeni kwa sababu gundi haikukauka na mvua hii. Niliyavuta.

Chini ya mahameli kulikuwa na kichwa cha mwalimu wa hesabu.

Nakijua kichwa hicho. Jirani yangu wa dawati alikichora mwaka jana kwa ncha ya bikari, masikio makubwa kama sahani, nami nikaadhibiwa pamoja naye kwa kuwa nilicheka. Tuliondoa nyasi uwanjani mchana kutwa. Januari tulipofungua shule tulikuta meza za chuma na viti vya plastiki, tukaambiwa madawati ya zamani yameuzwa. Hakuna aliyeuliza yameuzwa kwa nani. Nani huuliza madawati yamekwenda wapi?

Nimeketi juu ya mbao hii mwaka mzima. Nimekula embe juu yake. Na mimi ndiye nimeandika, kwa mwandiko wangu bora, kwamba ilikanyagwa na mabaharia.

Nilikibeba kisanduku mpaka ukumbini nikakiweka kwenye mapaja ya mama, juu ya shati.

"Hili ni dawati langu, mama," nilisema.

Mama aliangalia ndani. Aliyarudisha mahameli mahali pake kwa kidole, taratibu, kama anayemfunika mtoto. Akaniambia nipunguze sauti, babu amelala. Kisha akaniambia yote, kwa sauti ya mtu anayesoma bei.

Mbao za sitaha ziliisha Desemba. Mjomba alikuwa ameuzia hoteli shehena ya mwisho, wamejengea kaunta. Wateja waliendelea kuja. Akanunua madawati ya shule, mbao ngumu, kavu, na mama akasema atajaribu kutengeneza macho. Ilikuwa iwe kwa mwezi mmoja tu. Halafu Nahodha akaja.

"Ungekuwa wewe, ungemwambiaje babu yako kwamba zimekwisha?" aliniuliza. "Zimekwenda kuwekewa bia?"

Akaendelea kwamba babu anataka kitu cha kushika, atakishika, atafurahi, na hakuna atakayeumia.

Nikamwuliza kuhusu fundi. Alifahamu mara moja, akainamisha uso kwenye kifungo. Mfuko ule ni masalia ya madawati, mkewe hupikia. Mama alijua. Siku ile niliposimama mbele yake nikamwita mtu mwizi, alijua, na akaniachia.

"Ulisema huenda," nilimwambia.

"Nilisema."

"Ungeniacha nimshuku mpaka lini?"

Sindano iliingia kwenye shati ikatoka, ikaingia ikatoka, na kifungo kilikuwa kimeshashika zamani.

Visanduku naweza kuvielewa. Hata chupa ya siki. Hilo "huenda" silielewi, na ninamwogopa kidogo mtu aliyelisema, na mtu huyo ndiye anayenisuka nywele.

Jumanne, 16 Aprili

Sikuzungumza na mtu. Nilisema koo linaniuma.

Jumamosi, 20 Aprili

Mjomba alikuja kuchukua kadi. Nilimrudishia zikiwa tupu, pamoja na kalamu. Alivuta kiti, akakaa, hakukasirika, na hilo ndilo baya lake: hukupa nafasi ya kujiona huna adabu. Alinieleza kwamba watu hawanunui mbao, wananunua habari yake, na habari ya Mama Mkwe ni ya kweli. Moto ulikuwa wa kweli, baba yako alikuwa wa kweli. Mbao ni mahali pa kuiwekea habari tu, kama karatasi.

Kwa dakika nzima niliona anasema kweli. Nilikuwa karibu kunyoosha mkono nichukue kalamu.

Nikakumbuka rafu ya babu ilivyo wazi. Nikasema, "Shikamoo mjomba, siwezi." Sijui kwa nini nilianza na shikamoo, nilikuwa nimeshamwamkia.

Akasema basi ataandika mwenyewe. Mama alikuwa mlangoni, mikono imejaa povu la kufulia. Mwandiko wa mjomba unajulikana, daktari anaweza kumwonea huruma.

"Hutaandika wewe wala yeye," mama alisema. "Mpaka tujue tunaandika nini."

Mjomba alimgeukia akamwuliza upande wake ni upi. Mama alibaki pale mlangoni mpaka mjomba alipoinuka. Mvua ilikuwa kubwa, akaondoka bila mwavuli.

Sijui kama mama amenitetea mimi au anajitetea mwenyewe. Nimeandika hivyo kwa sababu ndivyo ninavyowaza, ingawa si vizuri.

Jumatatu, 22 Aprili

Mvua usiku kucha na mchana kutwa. Madirisha hayafunguki. Nilikuwa nafanya jiometri, kifutio kikaanguka, nikainama kukiokota. Nikiwa chini ya meza nikaiona kabari.

Ina jicho. Nusu jicho, maana ilipasukia hapo, lakini duara ni jeusi mpaka ndani ya mbao. Nililowesha kidole kwa mate nikalisugua kwa nguvu. Kidole kilitoka safi.

Nilikaa pale sakafuni, vitabu vyote juu yangu. Kila kitu cha mbao katika nyumba hii kimevimba isipokuwa hiki. Nilimwita mama. Alipiga magoti akaingia chini ya meza pia, tukawa kama watu wawili wanaocheza kibaba na kimama. Aliitazama kabari, akasema ni ndogo, haitoshi hata kifuniko kimoja. Nikasema sitaki kifuniko. Nataka kipande kidogo katikati ya kila kifuniko, vipande tisa. Na kadi iseme kipi ni kipi.

Mama aliinua mguu wa meza kwa bega lake. Mimi nikavuta.

Alhamisi, 25 Aprili

Mjomba alikwenda kwa Nahodha mwenyewe. Mama alimwambia kwamba asipokwenda yeye, atakwenda dada yake. Alirudi akiwa mfupi kuliko alivyoondoka. Alisema Nahodha amekubali vipande vya katikati, mradi kadi ziseme wazi, na amesema pia asimpigie simu tena maishani. Kisha akauliza kama kuna chai.

Jumamosi, 27 Aprili

Fundi ameipasua kabari leo. Nilipoingia alisema, bila kugeuka, "Mpelelezi amefika. Leo mfuko wangu uko pale, kagua kabla kamba ya kiatu haijalegea."

Kumbe aliniona. Nikamwomba radhi. Alisema yeye ameshawahi kushukiwa na watu wenye miguu mirefu zaidi. Nikamwuliza kwa nini hakusema chochote kuhusu madawati. Akasema siku Nahodha alipokuja alisimamisha randa, akangoja mwenye karakana aseme. Hakusema. Na yeye fundi ana watoto wanaokula. Akarudi kwenye msumeno.

Alikata kwa msumeno mwembamba kuliko yote, na kila alipokata harufu ilitoka, ya mafuta na ya kitu kingine, kama lami. Mbao za madawati hazinuki hivyo. Sikuwa nimeinusa harufu hiyo tangu mwaka jana na sikujua kwamba imekosekana.

Vilipatikana vipande tisa na vumbi. Vumbi mama alilizoa kwenye karatasi, akalikunja.

Jumamosi, 4 Mei

Ilikuwa ukumbi wa chama, viti vya plastiki, mabati yanapiga kelele kwa mvua. Kadi niliandika hivi: "Kisanduku hiki ni mbao ya dawati la shule. Kipande cheusi katikati ya kifuniko ni cha sitaha ya manowari." Sikuongeza sehemu ya mbele, kwa sababu hakuna anayejua.

Nilipewa kazi ya kuzisoma kwa sauti. Nilipomaliza, mjane mmoja aliyekaa mbele aliuliza kwa nini dawati. Watu wakamwangalia mjomba. Mjomba, ambaye hajawahi kukosa neno, alisimama akasema mbao ziliisha na yeye hakusema. Akakaa. Yule mjane aliacha kisanduku chake kwenye kiti alipoondoka. Nilikiona pale. Baadaye alirudi kukichukua, sura yake ile ile, bila kuaga.

Babu alipokea chake kwa mikono miwili. Kidole gumba kilitembea juu ya kifuniko mpaka kikafika kwenye kipande, kikasimama. Kilikaa hapo muda wote wa hotuba ya Nahodha. Kisha akajaribu kukifungua, kikagoma. Akakipiga kofi dogo kama anavyopiga redio.

"Na hii nyingine yote," akaniuliza sikioni, "dawati la nani?"

Nikamwambia labda langu. Madawati yalikuwa mengi, ila shule ni moja.

"Baba yako alisoma hapo hapo," babu akasema. "Kila wiki nilikuwa naitwa kwa mwalimu mkuu. Hakuna dawati asilolikalia, maana walikuwa wanamhamisha." Akakipiga kofi tena. "Angalia kinavyokataa kufunguka. Mbishi."

Alicheka mpaka akafuta macho. Sijui kucheka kuliisha wapi.

Jumapili, 5 Mei

Asubuhi jua limetoka. Kisanduku kiko kwenye rafu, redio imehamia dirishani. Babu hajauliza kimefika wapi.

Chupa ya siki haiko tena chini ya meza ya kazi. Niliangalia. Nimeangalia na nyuma ya jiko pia, na ndani ya pipa. Mama alinikuta nimeinama. Alipokuja kukaa kunisuka, kwanza alinyoosha mikono yote miwili mbele yangu, viganja juu, kama mtoto anayekaguliwa kucha shuleni. Weusi bado upo kwenye mikunjo, lakini umefifia. Niliikagua. Kisha nikageuka, nikampa kichwa.

Mwalimu atakusanya shajara kesho. Naomba asinipunguzie alama za mwandiko wa ukurasa huu. Hakuna tena kabari, na meza inacheza.